Majani ya mpera na tumbo la kuharisha: maji kwanza, mti baadaye

Kila masika yakianza, maswali huja yale yale. "Majani ya mpera nichemshe mangapi?" "Mtoto wa miezi minane naweza kumpa?" "Nimempa ORS tangu asubuhi na bado anaharisha, nibadilishe dawa?" Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii huku Muheza, Tanga, na nimelelewa na bibi aliyejua miti yake vizuri. Maswali haya nayajibu milangoni kwa watu, sokoni, hata msibani. Nimeona niyaandike yote mahali pamoja, ili siku tumbo likichafuka usiku wa manane uwe na pa kuanzia.

Jambo moja lishike kabla ya yote. Anayeharisha hauawi na kile choo, anauawa na maji na chumvi zinazotoka nacho. Mti wa kutuliza tumbo haurudishi maji hayo. Kwa hiyo majani ya mpera yana nafasi yake, lakini utaona nimeyaweka hatua ya saba, na nimefanya hivyo makusudi.

Vitu vya kuwa navyo

Usisubiri mtu augue. Weka hivi kwenye kopo moja lenye mfuniko:

- Pakiti tatu au nne za ORS, ule unga wa chumvi na sukari unaokorogwa na maji. Soma maandishi ya pakiti: zipo za lita moja na zipo za nusu lita.
- Vidonge vya zinki vya miligramu 20, kama nyumbani kuna mtoto mdogo. Zahanati wanavyo, na duka la dawa muhimu pia.
- Chupa safi ya maji ya lita moja, au mbili za nusu lita. Hiki ndicho kipimo chako, usikadirie kwa jagi.
- Kijiko cha chai, kikombe na sabuni.
- Chumvi na sukari, kwa siku ambayo ORS imekwisha.
- Mpera unaoujua, usiopuliziwa dawa ya wadudu na usio kando ya barabara kuu au mtaro wa maji machafu.

Andika pia namba ya simu ya bodaboda unayemwamini na uibandike ndani ya mfuniko.

Hatua kwa hatua

1. Mtazame mgonjwa kabla hujashika sufuria. Kuharisha ni kupata choo cha majimaji mara tatu au zaidi ndani ya saa 24. Mtoto anayenyonya ziwa la mama pekee huwa na choo laini cha mara kwa mara, huko si kuharisha. Angalia macho: yamezama? Mdomo umekauka? Akilia, machozi yanatoka? Amekojoa lini mara ya mwisho? Kisha finya ngozi ya tumbo, kati ya kitovu na ubavu, kwa dole gumba na kidole cha shahada, uachie. Ngozi yenye maji hurudi papo hapo. Ikirudi polepole, mwili umeanza kukauka. Ikichukua zaidi ya sekunde mbili, amekauka vibaya.

Niliwahi kuitwa kwa jirani mwenye mtoto wa mwaka mmoja na kidogo. Mama alikuwa amemchemshia majani ya mpera siku mbili, kwa usafi wote, na akaniambia kwa furaha, "Dada, kuharisha kumepungua." Kweli, kulikuwa kumepungua. Nilipofinya tumbo la yule mtoto, ngozi ilibaki imesimama kama kitambaa kilichokunjwa. Choo kilipungua kwa sababu ndani hapakuwa na maji tena ya kutoka. Tulimkimbiza zahanati akatundikiwa dripu, na leo anakimbia. Lakini tangu siku ile nafinya ngozi kwanza, ndipo nasikiliza maelezo.

Nenda kituo cha afya moja kwa moja, usianze kuchemsha kitu, ukiona mojawapo ya haya: damu kwenye choo, choo cheupe kama maji ya kuoshea mchele, kinachotoka kwa wingi, kutapika kila anachokunywa, kushindwa kunywa au kunyonya, kulegea, au usingizi usio wa kawaida, homa kali, degedege, mkojo kutotoka kwa saa sita au zaidi. Mtoto wa chini ya miezi miwili anayeharisha naye ni wa kituoni hata kama anaonekana mzima.

2. Nawa mikono kwa sabuni, chemsha maji. Yaache yachemke kwa nguvu kwa dakika nzima, kisha yapoe yakiwa yamefunikwa. Wengine hutumia mbegu za mlonge zilizotwangwa kusafisha maji. Kweli hushusha tope na maji yakang'aa, lakini maji maangavu bado yanaweza kuwa na vijidudu. Ukitumia mlonge, chemsha baadaye.

3. Koroga ORS. Pakiti ya lita moja inaingia yote ndani ya lita moja ya maji. Usiigawe nusu leo nusu kesho, kwa sababu chumvi na sukari ndani ya unga hazigawanyiki sawa. Usiongeze sukari ili iwe tamu. Onja: isizidi chumvi ya machozi.

Kama huna pakiti, tengeneza hivi: maji lita moja, sukari vijiko vya chai sita, chumvi nusu kijiko cha chai. Vijiko ni vya mfuto, yaani ukishachota, pitisha mgongo wa kisu juu yake kifutike. Hapa usikisie. Chumvi ikizidi inamdhuru mtoto kuliko tumbo lenyewe, na sukari ikizidi inavuta maji kutoka mwilini kwenda utumboni, kwa hiyo ataharisha zaidi. Ukisahau ulichotia ukiwa katikati ya kazi, mwaga uanze upya.

Mchanganyiko wowote uliokaa zaidi ya saa 24, mwaga.

Najua wapo wanaoiona ORS kama maji ya chumvi tu, dawa ya mtu asiye na dawa. Mwaka 1971, vita ya Bangladesh ilipowasukuma wakimbizi India, kipindupindu kiliingia kambi ya Bangaon na dripu zikawa hazitoshi. Daktari Dilip Mahalanabis akachanganya chumvi na glukosi kwenye maji, na ndugu wa wagonjwa ndio walionywesha kwa vikombe. Vifo vikashuka hadi chini ya wagonjwa 4 katika kila 100. Sababu ni kwamba utumbo unaoharisha bado unaweza kupokea chumvi ikifuatana na sukari, na maji huzifuata. Hicho ndicho kitu utakachokuwa umeshika kwenye kikombe.

4. Mnyweshe, kidogo kidogo na bila kuchoka. Mtoto wa chini ya miaka miwili: mililita 50 hadi 100 kila baada ya choo, yaani robo hadi nusu ya kikombe cha mililita 200. Miaka miwili hadi kumi: mililita 100 hadi 200. Aliyezidi hapo anywe kadiri anavyotaka. Mdogo apewe kwa kijiko, kijiko kimoja kila dakika moja au mbili. Usimpe kwa chupa ya chuchu: ni ngumu kuisafisha, na mwenye kiu atagida yote halafu ayatapike.

Kazi hii inachosha kuliko kuchemsha majani, na nadhani ndiyo sababu watu huikimbia. Pokezaneni. Baba ashike kijiko, bibi ashike kijiko.

5. Mtoto apewe zinki. Wa miezi sita na kuendelea: kidonge kimoja cha miligramu 20 kwa siku, siku 10 hadi 14. Chini ya miezi sita: nusu kidonge. Kiyeyushe kwenye kijiko kwa maji safi au maziwa ya mama. Wengi huacha siku ya tatu kwa kuwa kuharisha kumekoma. Maliza siku zote, maana zinki inamkinga pia na kuharisha kwa miezi inayofuata.

6. Endelea kumlisha. Anayenyonya anyonye zaidi. Anayekula apewe uji, wali laini, ndizi mbichi zilizochemshwa zikapondwa, samaki au maharage yaliyopondwa vizuri. Ndizi mbichi nazisisitiza. Huko Bangladesh watoto wenye kuharisha kwa muda mrefu walipopewa ndizi mbichi zilizopikwa walipona haraka zaidi. Kumnyima mtoto chakula "tumbo lipumzike" kunamwacha dhaifu, na kuharisha kunakofuata kutamkuta hana akiba. Akipona, mwongezee mlo mmoja kila siku kwa wiki mbili.

7. Sasa chuma majani ya mpera. Hatua hii ni kwa mtu mzima, au kijana wa kuanzia miaka 12, mwenye choo cha maji kisicho na damu, asiye na homa, na ambaye tayari anakunywa ORS. Mtoto mdogo, mama mjamzito, na mtu anayetumia dawa za kila siku kama za kisukari au presha wasinywe kabla ya kuuliza kituoni.

a) Chuma asubuhi majani machanga ya nchani, yale yaliyokwisha kukunjuka lakini bado laini, kumi hadi kumi na mawili. Tikisa tawi kwanza, kwani mipera ya kwetu hukaliwa na majimoto, na akikuuma mmoja utaangusha yote.

b) Osha jani moja moja, mbele na nyuma, kwa maji safi yanayotiririka. Upande wa nyuma una vinyweleo vinavyoshika vumbi.

c) Yachane kwa mkono, tia kwenye sufuria yenye nusu lita ya maji. Usitumie sufuria ya chuma kitupu, maana maji yatageuka meusi.

d) Yakishachemka punguza moto, funika, acha dakika 10 hadi 15. Yanakuwa na rangi ya chai ya rangi nyepesi, na harufu ya pera bichi inajaa jikoni.

e) Chuja kwa kitambaa safi. Usitie sukari nyingi.

f) Kunywa nusu kikombe mara tatu kwa siku, kwa siku mbili, basi. Hiki ni kipimo cha nyumbani kama nilivyokipokea kwa bibi. Wala usifikiri kuongeza majani kunaongeza uponyaji.

Ukionja utasikia ukakasi, ule wa kukausha ulimi. Huo ukakasi ni tanini, na pamoja nayo majani yana kwesetini, inayotuliza misukosuko ya utumbo. Huko Meksiko, ambako mpera ni mti wa asili, waliwajaribu watu wazima kwa vidonge vya majani haya na muda wa maumivu ya tumbo ukapungua. Kwa hiyo bibi hakuwa akibahatisha. Lakini tanini hiyo hiyo hushika madini ya chuma na zinki tumboni, kwa hiyo kama unameza dawa yoyote ya madini, tenganisha na maji ya mpera kwa saa mbili.

8. Hesabu. Chukua karatasi, andika saa ya kila choo na kila mkojo. Saa sita usiku hutakumbuka. Ukifika zahanati na karatasi hiyo, mganga atakuhudumia haraka zaidi kuliko ukisema "ameenda mara nyingi." Kwa mtu mzima, zikipita siku mbili bila nafuu, acha majani uende kituoni.

Makosa ninayokutana nayo

Kubwa kuliko yote ni "kusafisha tumbo". Mtu anaharisha, halafu anapewa sanamaki, au mafuta ya nyonyo, au utomvu wa mshubiri, ili "uchafu utoke wote." Hizo ni dawa za kumfanya mtu aharishe! Unamwongezea kile kile kinachomkausha. Hata ukwaju, ambao naupenda sana kwenye juisi, hulainisha choo. Uache mpaka apone.

Mwarobaini kwa mtoto mchanga: usithubutu. Mafuta yake yameshawahi kuwadhuru vibaya watoto wadogo waliopewa kunywa, wakapata degedege na kuzimia. Na uchungu wake unamfanya mtoto akatae hata ORS itakayofuata.

Kumpiga mtoto bomba la dawa za miti kwa nyuma ni hatari vilevile. Linamtoa maji, linaweza kumuumiza utumbo, na hakuna anayejua ni dawa kiasi gani imeingia mwilini.

Halafu kuna "meno ya plastiki". Mtoto anaharisha, ana homa, fizi zinaonekana kuvimba, na mtu anakuja na kisu au spoku ya baiskeli kuyang'oa. Wazazi wenzangu, hakuna meno ya plastiki. Kinachochimbwa pale ni chipukizi la chonge la mtoto, na kidonda kile huleta damu nyingi na pepopunda. Mtoto anayeota meno anaharisha kwa sababu anatia kila kitu mdomoni. Mpe ORS, umwoshe mikono. Na utosi ukibonyea ni dalili ya kukauka maji. Hauhitaji kupakwa dawa ya kuuinua, maji yakirudi utainuka wenyewe.

La mwisho ni flajili na vidonge vya kufunga tumbo. Mara nyingi kuharisha kwa maji hakuhitaji antibiotiki. Vidonge vya kufunga tumbo kama loperamidi si vya watoto, na si vya mtu yeyote mwenye damu kwenye choo. Soda nayo, hata iliyotolewa gesi, ina sukari nyingi mno kuwa mbadala wa ORS.

Mimea mingine mnayoniuliza

Ganda la komamanga lililokaushwa lina ukakasi mkali kuliko mpera. Kipande cha ukubwa wa vidole viwili kwa nusu lita kinatosha, na masharti ni yale yale ya hatua ya saba. Tumia ganda la tunda tu. Gome na mizizi ya mkomamanga vina sumu, usichemshe. Ubuyu, ule unga mweupe usio na rangi wala sukari, ukikorogwa na maji yaliyochemshwa ni kinywaji kizuri cha nyongeza kwa mtu mzima. Tangawizi husaidia kichefuchefu. Gome la mwembe watu wanalitumia, mimi simpi mtu kwa sababu sijawahi kuona vipimo viwili vinavyofanana.

Mti usioujua jina usiuchemshe, hata kama aliyekupa ni mtu mzima unayemheshimu. Mwamkie, mshukuru, mwombe akuonyeshe mti wenyewe ulipo.

Ukikwama

*Anatapika ORS.* Subiri dakika kumi. Anza tena polepole zaidi, kijiko kila dakika mbili au tatu. Akitapika tena na tena bila kitu kubaki, twende kituoni.

*Nimempa ORS na choo hakijapungua.* Ni kawaida, kazi yake si kufunga choo. Angalia mkojo, machozi na uchangamfu. Hivyo vikirudi, inafanya kazi. Endelea.

*Anakataa ladha.* Ipoze vizuri, mpe kwa kijiko mama mwenyewe akiigiza kunywa. Lakini mtoto aliyekaukiwa kweli huipenda. Akiikataa huku anacheza, mara nyingi hajakauka, basi mpe maji safi, ziwa na uji.

*Sukari imekwisha.* Pika uji mwepesi wa mchele unaonyweka, lita moja, tia nusu kijiko cha chai cha chumvi. Unafanya kazi ile ile.

*Kope zimevimba baada ya ORS nyingi.* Acha ORS kwanza, mpe maji ya kawaida au ziwa, umpeleke akaangaliwe.

*Maji ya mpera yamenifunga choo, au yananipa kichefuchefu.* Acha kunywa. Pengine ulichemsha mengi mno, au ulikunywa tumbo likiwa tupu.

*Nina majani makavu tu.* Yanafaa kama yalikaushwa kivulini na hayana ukungu. Tumia nusu ya idadi. Yakinusa uvundo, tupa.

*Kumekoma, kumerudi.* Chunguza maji ya kunywa, ndoo, kata na mikono ya anayepika kabla ya kutafuta mti mwingine. Kuharisha kunakofika siku 14 ni kwa kituoni, mtu mzima kwa mtoto. Na kwa mwenye mtoto mchanga, ulizia chanjo ya rota, kirusi kinachoharisha watoto, kwenye kliniki yake. Hutolewa kwa matone mdomoni, na Tanzania inaitoa tangu 2013.

*Tumepanda bodaboda, zahanati ni mbali.* Chupa ya ORS na kijiko viwe mkononi mwako, mtoto akiwa katikati yenu. Mwambie dereva asimame kila baada ya dakika chache, mpe vijiko vitatu vinne, ndipo mwendelee.